Maradhi Yaliyopita Ngara na Biharamulo, na Jinsi Yaharibuvyo Mwili

Siku moja tulikuwa darasani tukifundisha habari za mwili wa mwanadamu, hata mtoto mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, goti langu lilichunika juma lililopita, na sasa limepona, hata kovu halionekani. Mbona babu yangu aliyepooza upande mmoja hajapona, na huu ni mwaka wa tatu?" Wenzake wakacheka, lakini sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa kubwa kuliko mwulizaji. Tulipolifikiri nyumbani tuliona ya kuwa ndani yake imo habari yote ya maradhi yaliyopita katika nchi hii yetu ya Ngara na Biharamulo. Leo twapenda kuwaeleza habari hiyo kwa utaratibu.

Kwanza tuujue mwili wenyewe. Nyumba ya msonge yajengwa kwa fito, kamba na nyasi. Mwili nao umejengwa kwa chembe ndogo sana zilizo hai, zisizoonekana kwa macho matupu, nazo huitwa seli. Seli za namna moja zikikaa pamoja na kufanya kazi moja huitwa tishu: tishu ya ngozi, tishu ya misuli, tishu ya ubongo, na nyinginezo. Sasa lililo kubwa ni hili: si tishu zote ziwezazo kujijenga upya. Seli za utando wa ndani ya utumbo hubadilishwa kila siku chache. Chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120, kisha nyingine huzaliwa mahali pake. Ngozi hujifunga, na ini likiharibika kidogo huweza kukua tena. Lakini seli nyingi za ubongo zikifa hazirudi, wala misuli ya moyo iliyokufa hairudi. Mahali pake hubaki kovu tu. Ndiyo sababu goti la mtoto lilipona, na mkono wa babu haukupona.

Basi katika kila ugonjwa tuulize maswali matatu. Umeingia kwa mlango gani? Waharibu tishu gani? Na je, tumeuwahi wakati tishu ile ingali yaweza kurudi? Tuyachukue maswali haya matatu tukatembee nayo katika historia yetu.

FUNZA

Mgeni wa kwanza alikuwa mdogo, lakini alionekana kwa macho. Funza hakuwa mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na mwaka 1872 alishuka katika pwani ya Angola, mahali paitwapo Ambriz, kutoka katika merikebu iliyotoka Brazili. Akafuata njia za misafara, miguuni mwa wapagazi na askari, akaivuka Kongo yote. Haikupita miaka ishirini akafika katika nchi za ziwa letu la Viktoria. Msafiri mmoja Mwaustria, Oscar Baumann, alipopita katika nchi ya Wazinza mwaka 1892, aliona watu ambao viungo vyao vilikuwa vimeoza kwa sababu ya mdudu huyu, na vijiji vizima vilivyoharibika.

Mdudu mdogo kama huyu alioozaje mguu wa mtu mzima? Funza jike huingia chini ya ngozi, mara nyingi kando ya ukucha au katika wayo. Humo hunywa damu, na tumbo lake hujaa mayai hata awe mkubwa kama punje ya njegere. Tishu inayomzunguka hubanwa, huvimba na kuwasha. Hata hapo hasara ni ndogo, na ngozi yaweza kurudi. Lakini kitundu alichotoboa ni mlango uliobaki wazi. Vijidudu vya udongoni huingia humo, vikafanya usaha. Vingine huleta pepopunda, ambayo sumu yake hukaza misuli ya mwili wote mpaka mtu ashindwe kuvuta pumzi. Pale usaha ulipoziba mishipa midogo ya damu, vidole vilikosa chakula, vikafa, vikaanguka.

Wazee wa siku zile hawakuwa wajinga, ila walikuwa wamejiwa na kitu wasichokijua. Wengine walisubiri, wakidhani ni upele utakaokwisha wenyewe. Baadaye watu walijifunza kumtoa mdudu kwa mwiba au pini angali mchanga, kabla hajajaza mayai. Dawa ile haikuwa na gharama yo yote isipokuwa kuutazama mguu kila jioni. Tazama basi: mguu uliotazamwa leo ulipona, na mguu ulioachwa mwezi mzima ulikatwa.

SOTOKA NA MALALE

Karibu na wakati ule ule ikaja sotoka. Ugonjwa huu haukuwapata watu, uliwapata ng'ombe. Nao ulienea katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1890 na 1891, ukaua sehemu kubwa sana ya mifugo. Kwa watu waliokuwa wakihesabu mali, mahari na heshima kwa ng'ombe, pigo lile lilikuwa kama kuanguka kwa nguzo ya kati ya nyumba. Njaa na ndui zikafuata nyuma yake.

Lakini madhara mengine hayakuonekana upesi. Ng'ombe walipokwisha na watu walipopungua, malisho hayakuliwa wala hayakuchomwa moto kwa wakati wake, na mashamba hayakulimwa. Vichaka vikarudi. Wanyama wa porini wakaongezeka, na pamoja nao mbung'o, wale ambao wengine huwaita ndorobo, wanaokaa katika vichaka na kunywa damu. Hivyo nchi iliyokuwa ya watu ikawa ya mbung'o.

Huko Uganda ugonjwa wa malale ulitambuliwa mwaka 1901, na katika miaka michache iliyofuata uliua watu zaidi ya laki mbili katika pwani na visiwa vya ziwa. Mwaka 1902 daktari Mwitalia, Aldo Castellani, aliona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa vijidudu virefu vyenye mkia. Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha ya kuwa mbung'o ndiye mchukuzi wao. Katika nchi ya Tanganyika namna nyingine ya malale, iliyo kali zaidi, iligunduliwa huko Maswa mwaka 1922. Namna hii hukaa pia katika damu ya ng'ombe na ya wanyama wa porini. Biharamulo, nchi ya mapori, haikuokoka.

Sasa tuangalie kazi yake mwilini. Mbung'o akimwuma mtu, mahali pale huvimba kama jipu. Vijidudu huingia katika damu, na homa huja na kuondoka. Mwili una askari wake, nazo ni chembe nyeupe za damu, ambazo hutengeneza silaha za kupigana na adui zinayemtambua. Lakini kijidudu cha malale hubadili vazi lake la nje. Askari wakikwisha kulijua vazi la kwanza, huvaa la pili. Wakilijua la pili, huvaa la tatu. Namna hii kali huweza kuidhuru misuli ya moyo. Mwisho adui huingia katika ubongo, na tishu inayoizunguka mishipa ya damu humo huvimba. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, husahau jina la mtoto wake, hugombana na watu bila sababu. Majirani walimwita mvivu au mwenye wazimu, au aliyerogwa, kumbe ni tishu ya ubongo inayoharibika.

Dawa za kwanza zilikuwa kama upanga ukatao pande mbili. Mwaka 1906 na 1907 daktari mkuu wa Wajerumani, Robert Koch, alikaa visiwa vya Sese akiwapa wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Vijidudu vilipungua katika damu, lakini wagonjwa wengine wakapofuka, kwa kuwa dawa yenyewe iliharibu mishipa ya fahamu ya macho. Hata dawa ya melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949 kwa wale ambao ubongo umekwisha kuguswa, iliua kama watu 5 katika kila 100 waliotibiwa nayo. Haikuwapo njia nyingine, maana aliyechelewa alikuwa amechagua baina ya hatari mbili.

Kwa sababu ya hayo, katika miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Biharamulo kutoka katika makao yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa. Kusudi lilikuwa kuwapata watu wa kutosha kufyeka vichaka na kumfukuza mbung'o. Watu waliacha migomba yao, makaburi ya wazee wao na visima walivyovichimba, na wengi walihama kwa uchungu. Hatuwezi kusema ya kuwa uchungu ule ulikuwa bure, wala hatuwezi kusema ya kuwa kufyeka hakukuokoa watu; yote mawili ni kweli. Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi mwaka 2019 yalifanywa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato, na leo wageni huja kutazama wanyama. Malale yamepungua sana, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitibu hata namna hii kali kwa vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa. Lakini mbung'o wangali porini. Aendaye kurina asali au kuchunga huko, akirudi na homa isiyo ya malaria, na amwambie mganga wa zahanati ya kuwa alitoka porini. Neno hilo moja laweza kumwokoa.

MALARIA

Ugonjwa huu ni wa kale, nao haukuja na merikebu. Lakini katika milima ya Ngara, ambako usiku una baridi, mbu walikuwa wachache kuliko pwani ya ziwa. Kwa hiyo miili ya watu wa milimani haikuzoea kupigana nao. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoleta maji na joto pamoja, malaria ilipanda katika nyanda za juu za Kagera ikashika hata watu wazima.

Ronald Ross, alipokuwa India mwaka 1897, aliona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Tangu siku ile njia yake imejulikana. Mbu jike akiuma, kijidudu huenda kwanza katika ini, hukaa humo kama juma moja kikizaana, na mtu hasikii lo lote. Kisha kundi lote hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Kila kijidudu hula rangi nyekundu iliyo ndani ya chembe, ile ichukuayo hewa safi kutoka mapafuni; na baada ya kama saa 48 chembe hupasuka, na vijidudu vipya hutoka kutafuta chembe nyingine. Huko kupasuka ndiko kuletako homa na kutetemeka. Chembe zikipasuka kwa wingi, mtoto hupungukiwa damu, viganja vyake huwa vyeupe, na moyo wake hupiga mbio.

Hata hapo tishu yaweza kurudi, maana damu hutengenezwa tena. Hatari iko mbele kidogo. Katika namna ya malaria iliyo mbaya zaidi, chembe zilizoingiliwa huwa na kunata, zikashikamana na kuta za mishipa midogo. Zikishikamana katika mishipa ya ubongo, njia ya damu huziba, na mtoto hushikwa na degedege. Wangapi wamebebwa usiku kwenda kufukiziwa moshi, kwa kuwa degedege ilidhaniwa kuwa pepo? Saa zile zilizopotea njiani ndizo saa ambazo ubongo ulikuwa ungali waweza kuokolewa. Kwa dawa mseto mtoto aliyewahiwa hupona, akarudi shuleni. Aliyecheleweshwa, hata akiokoka, huenda akabaki na kifafa au uzito wa akili.

KUHARA

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 daraja la Rusumo lilishuhudia jambo ambalo wazee wa Ngara hawakupata kuliona. Kwa muda wa kama siku moja watu zaidi ya laki mbili walivuka mto Kagera kutoka Rwanda, wakikimbia vita na mauaji. Wakapiga kambi Benaco, ikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya wilaya zetu, bila nyumba, bila vyoo, na maji machache. Walikaa mpaka waliporudishwa kwao Desemba 1996.

Adui aliyeogopwa hapo ni kuhara. Twajua namna mbili zilizo kuu, nazo hazifanyi kazi sawasawa. Kijidudu cha kuhara damu huingia ndani ya seli za utumbo mpana, huzaana humo, hupita kutoka seli hii hadi jirani yake, na kuziua. Utando hubanduka, vidonda hufanyika, na damu hutoka na kamasi. Vijidudu vichache sana, hata chini ya 100, vyatosha kumwambukiza mtu. Mkono mmoja usionawa waweza kuvipeleka katika sufuria ya nyumba nzima. Kipindupindu hakiui seli, huzihadaa. Sumu yake huziamuru seli za utumbo zifungue milango na kumwaga maji na chumvi ya mwili. Mtu mzima huweza kupoteza lita moja kwa saa, akafa siku ile ile, hali utumbo wake ni mzima.

Kwa hiyo dawa iliyo kuu ya kipindupindu ni kurudisha maji yaliyomwagika. Pakiti ya chumvi na sukari ikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Benaco maji yalichukuliwa kwa magari ya matangi yakatiwa dawa, vyoo vikachimbwa, na vifo havikufika kiasi cha kule Goma katika Kongo. Huko, katika mwezi mmoja tu tangu Julai 1994, karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Watu walikuwa wa taifa moja, na taabu yao ilikuwa moja. Lakini huko Goma ugonjwa uliwahi kabla ya maji safi.

MARBURG

Tumefika katika jambo la juzi, ambalo wengi wetu tungali na majonzi yake. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza ya kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia wilaya ya Biharamulo. Jina hilo ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 watu waliugua kwa kushika nyani wadogo waliotoka Uganda. Kirusi chake hukaa katika popo walao matunda, wanaolala mapangoni. Kisha hupita kutoka mtu hata mtu kwa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili.

Kirusi hiki ni mwerevu kwa namna ya kutisha, maana huwashika kwanza askari wenyewe. Huingia katika chembe nyeupe, nazo zikakichukua mpaka katika ini na wengu, ambako huua seli nyingi. Askari waliochanganyikiwa humwaga vitu vinavyolegeza kuta za mishipa ya damu, mishipa ikavuja. Na vile vifaa vya kugandisha damu vikaisha. Ndipo mtu hutoka damu, na viungo vyake hukosa chakula vyote kwa pamoja.

Tusome hesabu kwa utulivu. Biharamulo walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote 10 walifariki. Wale wanane walikuwa wamekwisha kufariki kabla ugonjwa haujatambuliwa. Bukoba, mwaka 2023, walikuwa 9, wakafa 6. Rwanda, jirani wa Ngara, mwaka 2024 walikuwa 66, wakafa 15. Hatusemi ya kuwa sababu ni moja tu. Lakini twajua ya kuwa wagonjwa wengi wa Rwanda walikuwa watumishi wa afya, wakatambuliwa mapema, wakatiwa maji mishipani, wakasaidiwa kupumua, wakapewa na dawa zilizokuwa katika kujaribiwa. Mwili uliotegemezwa mapema ulipata nafasi ya kujijenga. Mwili ulioletwa mwishoni haukuwa na kitu cha kujengea. Tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa ya kuwa ugonjwa umekwisha Biharamulo.

Hapa pana neno zito, nalo ni la maziko. Kwetu kumwosha maiti na kumshika mkono ni heshima ya mwisho, na mtu asiyefanya hivyo huhesabiwa hana upendo. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg ungali umejaa kirusi. Mjane aliyezuiliwa kumwosha mumewe hakudharauliwa, wala marehemu hakudharauliwa. Waliozuia walikuwa wakiwalinda watoto waliobaki.

NENO LA MWISHO

Tumewapitia wageni watano: mmoja wa ngozi, mmoja wa ubongo, mmoja wa damu, mmoja wa utumbo, mmoja wa mishipa na ini. Katika habari zao zote watu wetu walimtafuta adui mahali pasipo pake, kwa jirani, kwa pepo, kwa uvivu wa mgonjwa. Na wakati wakimtafuta huko, tishu iliyokuwa ikiweza kurudi ikawa tishu isiyorudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwa unyenyekevu ya kuwa katika mwili wa mwanadamu kuna kuta zisizojengwa mara ya pili.

Yule mtoto tulimjibu siku iliyofuata. Tulimwambia: "Goti lako ni ngozi, na ngozi hurudi. Mkono wa babu uliumizwa ubongoni, na huko hakurudi kilichokufa. Ila kwa mazoezi, sehemu iliyo nzima huweza kujifunza kidogo kazi ya ile iliyokufa." Akanyamaza, kisha akauliza kama angeweza kumsaidia babu kuyafanya mazoezi hayo. Tukamwambia aende akaulize hospitali, wala asingoje kesho. Akaenda alasiri ile ile.